Vichuguu Vitatu

Mwavita alikuwa na tonge la ugali mdomoni hereni ilipomwambia kwamba mchwa wake sasa wamo katika vichuguu vitatu.

Hakulimeza wala hakulitema. Alibaki nalo shavuni, macho yamemtoka, akiwatazama wenzake wawili waliolizunguka sinia pamoja naye. Huyu Feza, shoga yake wa tangu usichana, mwanamke mwenye mwili wake na sauti inayosikika hadi mtaa wa pili. Yule Tunu, mke wa fundi wa vipanga, mpangaji wa chumba cha uani, binti ambaye mpaka leo anaona haya kugusa kitoweo kabla ya wakubwa.

“Vichuguu vitatu,” hereni ilirudia, kwa kile Kiswahili chake cha taarifa ya habari. “Kimoja ni chako. Viwili si vyako. Tafadhali wasiliana na kituo chako cha afya. Tafadhali kunywa maji.”

“Kunywa wewe,” Mwavita akasema.

“Nani anywe?” Feza akauliza.

“Anywe nini?”

“Si umesema ninywe?”

“Basi kunywa. Jua lote hili, unasubiri nini?”

Feza na Tunu wakatazamana. Turubai la baridi lililofunika ua lilikuwa linanguruma kwa uzee wake, likishusha ubaridi upande mmoja tu, na kipanga kimoja kilipita juu ya ukuta kikielekea kwa jirani na kikapu cha samaki aina ya migebuka kutoka mwaloni, ufukweni kwa wavuvi. Kuku wakakimbia kama kawaida yao, maana kuku wa Ujiji mpaka leo hawajaamini kwamba ule ni mtambo wa kubebea mizigo na si kipanga wa kweli.

“Tunu mwanangu, mtazame vizuri huyu,” Feza akaanza, na kwa jinsi alivyojifuta vidole ungejua hapo kuna jambo. “Anasema peke yake. Hereni kavaa moja, sikio la kushoto, kama baharia. Na kiunoni kavaa shanga.”

“Sijavaa shanga.”

“Nimezigusa! Jana nilipokukumbatia kitu kikanitetemekea mkononi. Mjane mzima, wajukuu wanne, na shanga zinazotetemeka! Mtaje, shoga. Mtaje tumjue, tumpikie hata chai.”

Tunu alificha uso kwenye kanga akicheka. Mwavita naye akacheka, maana asingecheka angelia, na tonge bado lilikuwa shavuni.

Kilichokuwa kiunoni mwake ulikuwa mkanda wa kusikilizia mchwa. Na kabla ya mkanda kulikuwa na damu.

Damu ile aliiona chooni msimu wa mvua, akasema ni bawasiri. Ujiji kila damu ya huko ni bawasiri, na kila mtu ana dawa yake. Kisha choo kikawa kinakataa, kisha kikawa kinakuja chembamba kama utambi, nguo zikaanza kumpwaya, watu wakamsifu kwamba amependeza. Alipokwenda kituo cha afya alikwenda kwa sababu ngazi tatu za msikitini zilimshinda. Pale kituoni kuna mlango wa kupimia: unapita, taa inawaka. Ya kijani, rudi kwako. Ya manjano, kaa kwenye benchi. Yeye alipopita, zote ziliwaka kwa mpigo. Akajua mlango umeharibika. Akarudi nyuma, akapita tena. Akavua bangili, akapita tena. Alikuwa anataka kuvua na kilemba muuguzi alipokuja kumshika mkono.

Daktari Lusajo, kijana wa Mbeya mwenye sauti ya upole, alimweleza kwa utaratibu. Utumbo mpana. Saratani. Imeshafika kwenye ini.

“Ni hatua ya nne, mama.”

“Kati ya ngapi?”

“Nne.”

Mwavita aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akauliza kama mawese anaruhusiwa. Akauliza kiti kile alichokalia wamekinunua wapi, maana kimemkaa vizuri mgongoni. Akauliza, mwisho kabisa, akiwa ameshasimama, “Samahani, daktari, umesema nani anaumwa?”

Walimkata kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mchele, wakamkuzia mchwa humo. Ndivyo watu walivyoviita, na hata madaktari wameshazoea: vijidude visivyoonekana, vilivyofundishwa kutafuna uvimbe wa namna ile na kuacha nyama nzima. Havizaani. Idadi yake ndiyo ile ile. Vinasemezana, mkanda unavisikia, hereni inatafsiri. Mwavita alikabidhiwa kifuko cha unga mweupe, na Daktari Lusajo akamwambia, “Changanya kwenye chakula chako mpaka uishe.”

Chakula chako! Katika ua wa Mwavita hapajawahi kuwa na kitu kama hicho. Saa saba ikifika sinia linatoka, na aliyepo anakula. Mwenye kujitenga na bakuli lake ama amegombana, ama anahofia kulishwa sumu, ama anaumwa ugonjwa ambao hautajwi. Na Mwavita hakutaka kutajiwa lolote kati ya hayo. Alichokitaka ni watu wajae uani kama siku zote, umbea uendelee, Feza apige kelele. Alijua likitoka neno saratani watakuja bado, lakini watakuja wakinong’ona. Watamwangalia kwa yale macho. Alishawahi kumwangalia mtu kwa macho yale na alikuwa anayajua.

Kwa hiyo aliunyunyiza unga upande wake wa sinia. Kila mtu anamega kilicho mbele yake, ndiyo adabu, watoto wa miaka mitatu wanaijua. Akasahau kwamba sinia lina adabu nyingine: mwenzako akisuasua, unamsaidia. Juzi Feza alimwona hamegi, akamsogezea samaki. Akaona bado, akamega ugali upande ule ule wa Mwavita, akachovya, akala mwenyewe huku akisema, “Hivi, shoga, umesahau? Linakatwa hivi.” Kisha kwa furaha yake tu akakata lingine, akamgeukia Tunu na kumlisha kama bibi harusi.

Mwavita aliona yote. Kinywa alikifungua. Angesema nini? Kusema usile ni kusema kwa nini.

Sasa alilimeza tonge. Lilishuka kama jiwe. Akainuka kwenda kunawa, na bomba lilipoanza kumwaga, hereni ikasema kwa ule upole wake usio na mtu ndani:

“Katika kichuguu kimoja kisicho chako, mchwa wamepata chakula.”

Maji yakaendelea kumwagika. Chakula cha mchwa alikuwa anakijua ni nini.

*

“Daktari, mimi nina shoga yangu yuko Kasulu,” Mwavita alianza.

“Ehe.”

“Naye kapewa mchwa kama hawa wangu. Sasa, kwa bahati mbaya, watu wamewala.”

“Watu wamekula mchwa wa shoga yako.”

“Kwa bahati mbaya, nimekwambia.”

“Watu wangapi?”

“Wawili.”

Daktari Lusajo alikizungusha kioo cha mezani kikamwelekea. Kilikuwa cheusi, kina nuru tatu ndogo nyekundu, moja kubwa kuliko nyingine mbili, na moja kati ya zile mbili ilikuwa inapumua, inafifia, inawaka.

“Na huyo wa Kasulu naye ana vichuguu vitatu?”

Mwavita alikitazama kioo. “Tunafanana sana,” akasema.

Kijana hakucheka, ingawa mdomo ulimchezacheza. Alivuta kiti chake akaja kukaa upande wa Mwavita wa meza, jambo ambalo Mwavita hakulipenda. Daktari akihama upande wake wa meza hapana heri.

“Hii isiyopumua, huyu ni mzima,” alisema, akigusa nuru. “Mchwa wamekaa tu, hawana la kufanya, hawamdhuru. Hii inayopumua, huyu ana uvimbe utumboni kama wa kwako. Mdogo. Hajui, nadhani.”

“Ni nani?”

“Mimi nitajuaje, mama? Mkanda unahesabu matumbo, hautaji majina. Wewe ndiye unayejua umekula na nani.”

“Si ndio wamtafune? Huo mdogo? Wamalize.”

“Ndilo tatizo. Wengi wako kwako. Kwako wanatosha, kazi wameianza, na wanaifanya vizuri, naiona hapa. Kwake wameingia wachache. Mchwa wachache wanaufungua uvimbe halafu wanashindwa kuumaliza. Unabaki wazi. Chembe zake zinaanza kutembea kwenye damu, zinakwenda kwenye ini, kwenye mapafu. Ule uliokuwa mdogo, ambao ningeukata asubuhi na jioni akanywa uji, unakuwa kama...”

“Kama wangu.”

“Kama wako.”

Mwavita alishika kingo za kiti. Kile kile kilichomkaa vizuri mgongoni. “Basi mkate.”

“Sikati huku mchwa wanatafuna. Lazima walale kwanza. Na hawalali kwa mafungu, mama. Wanasikilizana. Wakilala, wanalala wote, wa kwake na wa kwako, na wakishalala hawaamki tena. Wanatoka na choo.”

“Nani anawalaza?”

“Wewe tu. Kwa mdomo wako. Mkanda unaijua sauti yako, unasema mchwa wangu laleni, basi. Mimi siwezi, hata nikitaka. Zamani kidogo ilikuwa daktari anaweza, na ndugu wanaweza, na kuna wagonjwa walizimiwa dawa zao na watoto wao kwa sababu ya nyumba. Ndiyo maana sheria ikaliweka neno kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.”

Nje kwenye benchi mtu alikuwa anakohoa na mwingine anamsimulia mwenzake habari za harusi iliyovunjika. Mwavita alijikuta anatega sikio. Bwana harusi alikuwa amefanya nini? Kichwa chake kilikuwa hivyo siku hizi: unakipa jambo kubwa, chenyewe kinakimbilia dogo.

“Kwa hiyo nikisema hilo neno ninakufa,” akasema.

“Sikusema hivyo.”

“Umesemaje?”

“Nimesema kuna dripu. Dawa za zamani, zinachosha, zinaondoa nywele, lakini zimewapa watu muda, wengine muda mwingi. Na mchwa wengine tunaweza kukukuzia, ila mtambo wa kukuzia uko mmoja kanda nzima, na mbele yako kuna watu.”

“Nitafika?”

Daktari Lusajo alivua miwani akaifuta na shati. Haikuwa na uchafu.

“Sijui, mama.”

“Na nisiposema neno?”

“Nadhani utafika.”

“Nadhani?”

“Nadhani.”

Mtaani kwa Mwavita watu wote wanajua. Wanajua nani ana mimba ya nani, nani atapewa talaka, timu ipi itafungwa. Amekaa kati ya watu wanaojua maisha yake yote. Leo amemkuta mmoja asiyejua, na ndiye amempelekea roho yake.

“Usikae sana na hili,” kijana alimwambia mlangoni. “Yule mwingine, kila siku uvimbe wake unazidi kufunguka.”

*

Alianza kuwachunguza.

Alidhani akimjua ni nani, ataamua. Kwa hiyo alikaa uani na ungo wa mchele usiokuwa na kokoto hata moja, akiupepeta huku anawatazama kama askari kanzu. Feza alikuwa amekuja na habari ya yule bwana harusi, ambayo ilikuwa tamu kuliko Mwavita alivyodhani, akaisimulia amesimama, anaigiza sauti za wote, mama mkwe na kadhi na hata mbuzi wa mahari, mwisho wake akauacha kwa siku nyingine. Kala vizuri. Mnene vile vile. Mtu anayecheka namna ile ataumwa wapi?

Tunu ndiye aliyekonda. Asubuhi alisikika nyuma ya ukuta anatapika. Sinia likitoka anamega vipunje, anaficha uso kwenye kanga. Siku hiyo alishindwa hata kukaa, harufu ya mawese ikamwinua akakimbia.

Ni huyu, Mwavita akajiambia. Na hapo hapo, kabla hajaweza kujizuia, moyo wake ukatulia.

Ukatulia! Akaacha kupepeta. Kwa nini utulie? Kwa sababu Tunu ni mpangaji tu? Kwa sababu amekuja juzi, hana mama wa kuja kuuliza? Je, angekuwa Feza, moyo ungefanyaje? Aliupeleleza moyo wake kama mtu anayechungulia kwenye chumba cha mwenzie, na alichokiona humo hakukipenda. Kumbe alikuwa hatafuti mgonjwa. Alikuwa anatafuta mtu ambaye anaweza kumnyamazia.

Alimfuata Tunu nyuma ya ukuta, akamshika paji la uso wakati anatapika, kama wanavyoshikwa watoto.

“Una nini, mwanangu? Niambie mimi mama yako mkubwa. Unaona damu?”

“Damu?” Tunu alijifuta mdomo. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini yanacheka. “Ningeiona damu ndiyo ingekuwa vizuri? Sijaiona huu mwezi wa tatu. Mama mkubwa, usimwambie mama Feza. Akijua yeye, mpaka samaki watajua.”

Mwavita akamkumbatia. Akasema alhamdulillahi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mkanda ukatetemeka kati yao, Tunu akashtuka kidogo, akaachia, kwa adabu hakuuliza.

Mimba, basi. Lakini mwenye mimba hawezi kuwa na uvimbe pia? Angeweza. Mwavita alirudi kwenye ungo wake akiwa hajui lolote zaidi ya alilojua alipoondoka.

Jioni, jua bado liko juu ya mapaa, Feza alirudi. Alikuja bila kelele, jambo la kuogofya. Alikaa kwenye jamvi, akatoa kwenye mkoba chupa ya maji ya rangi ya kahawia.

“Mimi si mjinga,” akasema. “Shanga nilikuwa nakutania. Umekonda, Mwavita. Unakwenda chooni unakaa humo mpaka mtu anataka kuvunja mlango. Nikasema huyu ana bawasiri, anaona haya.” Akaisukuma chupa. “Mizizi hii inachemshwa na limau. Chungu kama laana, lakini inasaidia. Mimi mwenyewe naitumia mwaka mzima sasa.”

“Wewe?”

“Si hizi damu za chooni. Zinakuja, zinakwenda. Nikinywa zinakata, nikiacha zinarudi. Uzee huo, shoga, unatokea kila mlango.”

Akacheka, akampiga Mwavita kofi la paja. Mwavita aliitazama chupa. Kulikuwa na majani yanaelea ndani, na juu ya kifuniko Feza alikuwa amefunga kitambaa safi kwa uzi, fundo la kipepeo, kama zawadi.

“Kichuguu kisicho chako,” hereni ikanong’ona, “kazi inaendelea.”

Alidhani akijua ni nani, ataamua. Ameshajua. Mbona bado hajui la kufanya? Usiku kucha, mchana kutwa, alipanga: atamwambia Feza aende akapimwe, tu, bila kueleza. Lakini mlango ungewaka, na daktari angemuuliza amekula wapi. Atasubiri wiki moja, mchwa wake wazidi kula, halafu ndiyo aseme. Lakini kila siku uvimbe unazidi kufunguka. Atasema leo. Atasema kesho. Akaomba dua, na dua yenyewe ikamchanganya, maana alianza kumwombea Feza akamalizia anajiombea yeye.

*

Sinia lilitoka saa saba. Mwavita hakukaa. Alisimama mbele yao na mikono imelowa.

“Msile,” akasema.

“Kuna nywele?” Feza akauliza, tonge njiani.

“Nina saratani. Ya utumbo. Imefika kwenye ini.”

Tonge la Feza lilirudi kwenye sinia. Na kwa sababu alikuwa ameshaanza na akinyamaza hatarudia, Mwavita aliyamwaga yote pale pale: mlango, unga, upande wake wa sinia, mchwa, mkanda. Akaifunua kanga kiunoni wakauona, mweusi, mwembamba, unapumua. Akasema, “Nimewalisha mchwa. Niliwaona mnakula na nikanyamaza.”

“Ndani yangu?” Tunu alishika tumbo kwa mikono yote miwili. “Wapo ndani yangu? Na mtoto?”

“Mtoto gani?” Feza akapiga kelele.

“Kwako wamekaa tu, mwanangu, hawana kazi. Nimemuuliza daktari wa watu mpaka amechoka. Hawakudhuru, watatoka.” Kisha akamgeukia shoga yake. “Kwako hawakukaa bure, Feza. Ile si bawasiri.”

Feza aliangalia sinia. Aliangalia kuku. Alionekana kama mtu aliyeitwa jina na hajui sauti imetokea upande gani.

“Bado mdogo,” Mwavita aliendelea, haraka. “Wanaukata asubuhi, jioni unakunywa uji. Ila kwanza mchwa wote walale. Na wangu. Halafu twende leo.”

“Na wewe?”

“Mimi kuna dripu.”

“Dripu inaponya?”

“Inasaidia.”

“Nimekuuliza inaponya?”

Feza akainuka, na alipoinuka sauti yake ikainuka naye, ile ya mtaa wa pili.

“Yaani wewe,” alisema, “umekaa na mimi kwenye sinia moja tangu tuna matiti ya kuota, tumekula njaa pamoja, tumekula pilau za maiti pamoja, halafu ugonjwa ukaula peke yako? Peke yako, Mwavita! Nikakuletea mizizi kama mpumbavu!”

“Feza...”

“Usinifeze! Mchwa nilishameza, ni wangu. Tumbo ni la nani? Hawalali. Watabaki hapa hapa, wa kwako wale, wamalize, ndiyo mimi nitakwenda kukatwa. Nina mwili, huoni? Nitastahimili.”

“Hakuna kustahimili, uvimbe unafunguka. Utakuwa kama mimi.”

“Basi nitakuwa kama wewe! Kwani wewe una ubaya gani?”

“Mama Feza,” Tunu alijaribu.

“Nyamaza wewe, na mimba yako ya kificho, nitakuja kwako!” Feza alikuwa anatembea sasa, kutoka bombani hadi mlangoni, mikono inaruka. Atakwenda yeye kwa huyo daktari wa Mbeya, atamwambia maneno ambayo kwao hayapo. Mtu anatoaje dawa zenye miguu? Na kama ni kufa, nani kasema aanze Mwavita, wakati yeye Feza ndiye mkubwa kwa miezi miwili, na siku zote kwenye kila foleni wameingia kwa umri...

Mwavita alimsikiliza. Aligundua kwamba anaogopa mno, kuliko siku ya mlango, na kwamba hakuna ujasiri wowote uliokuwa unakuja. Alikuwa anausubiri. Alidhani kwa watu wengine huwa unakuja. Hapa palikuwa na kelele za Feza tu, na sinia linapoa, na binti ameshika tumbo, na ndani yake mwenyewe, chini ya kitovu, vile vidude vinamtafunia mauti yake taratibu, vizuri, kama daktari alivyosema.

“Mchwa wangu,” akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita kuku. “Laleni.”

Hereni ikamuuliza kama ana hakika. Hakuwa na hakika na chochote chini ya jua. Akasema ndiyo. Hereni ikashukuru, ikamtakia afya njema, na mkanda ukaacha kutetemeka.

Feza alikuwa bado anasema. Alikuwa amefika kwenye habari ya mazishi, nani ataruhusiwa kuja na nani atafukuzwa. Tunu ndiye aliyeutazama mkanda, akamtazama Mwavita usoni.

“Mama Feza,” akasema. “Ameshawalaza.”

Feza alisimama katikati ya ua, mdomo wazi, mkono juu. Mkono ulishuka polepole ukaja kukaa kwenye tumbo lake mwenyewe, ukalipapasa, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

“Sasa?” akauliza. Kasauti kadogo, ka msichana.

“Sijui,” Mwavita akasema. “Sijui, shoga. Vaa viatu twende.”

Tunu akaleta ndara. Wakatoka watatu, Feza katikati, na hawajafika hata kwenye kona alikuwa ameanza tena: kwamba kwenye hiyo dripu atakaa naye, kila siku, kila chupa, ataongea mpaka dripu yenyewe iombe kutolewa, na ole wake Mwavita athubutu kulala usingizi kabla hajasikia ile habari mpaka mwisho, maana hata hajamwambia yule bwana harusi alikamatwa na nani.